Kutembea na Mbwa kwa Ajili ya Afya: Somo kwa Mlaji wa Mvumi na Vijiji vya Jirani

Utangulizi

Mlaji wa leo huuziwa afya kila anapogeuka. Mnadani huuziwa majani ya kupunguza unene, stendi ya basi huuziwa mkanda wa kutetemesha tumbo, na kwenye simu huletewa matangazo ya dawa zinazodaiwa kutibu kisukari na shinikizo la damu kwa pamoja. Somo hili linahusu zoezi lisilouzwa na mtu yeyote, nalo ni kutembea kwa miguu kila siku pamoja na mbwa wa nyumbani. Linaeleza faida yake, gharama ambazo mlaji hawezi kuzikwepa, gharama anazoweza kuziacha bila hasara, na hatari moja kubwa ambayo ikipuuzwa huligeuza zoezi hili kuwa msiba.

Jambo kuu la somo hili ni hili: mbwa aliyechanjwa na aliyefungwa kamba ni mwenza mzuri wa mazoezi, mbwa asiyechanjwa si mwenza wa mazoezi hata kama umemlea mwenyewe tangu alipokuwa mdogo. Fedha ya kwanza inayotumika kwa mbwa iwe ya chanjo. Mengine yote hufuata baadaye.

1. Nani anahitaji zoezi hili?

Mkulima wa Mvumi Makulu, Handali au Idifu anayelima uwele na mtama kwa jembe la mkono hahitaji kuhimizwa kutembea wakati wa masika. Kuanzia Desemba hadi Aprili mwili wake hufanya kazi tangu alfajiri. Lakini maisha ya tarafa hii yamebadilika. Wapo wauza maduka wanaokaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi saa mbili usiku. Wapo vijana wa bodaboda ambao siku nzima miguu yao hukanyaga gia na breki, haikanyagi ardhi. Wapo walimu, wauguzi, mafundi cherehani na watumishi wa ofisi, na idadi yao katika Mkoa wa Dodoma imeongezeka tangu Serikali ilipoanza kuhamia makao makuu mwaka 2016. Hata mkulima mwenyewe, mavuno yakishaingia ghalani, hukaa miezi kadhaa ya kiangazi bila kazi nzito.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kiasi ni zoezi la wastani. Kipimo chake hakihitaji kifaa: ukiwa unatembea, uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba bila kukatika pumzi. Ukiweza kuimba, mwendo wako ni wa pole mno. Usipoweza kuzungumza, umezidisha.

Kutembea kwa namna hiyo mara kwa mara huimarisha moyo, husaidia kushusha shinikizo la damu, huusaidia mwili kutumia sukari iliyomo kwenye damu, huleta usingizi mzuri na hupunguza msongo wa mawazo. Hakuponyi kila ugonjwa, wala si badala ya dawa ulizoandikiwa na daktari. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu asiache dawa zake kwa sababu ameanza kutembea. Azungumze kwanza na mhudumu wa afya, apime, ndipo aanze.

2. Kwa nini pamoja na mbwa?

Mtu anaweza kutembea peke yake, na wengi hufanya hivyo. Tatizo la kutembea peke yako ni kwamba ukiahirisha leo, hakuna atakayekuuliza kesho. Mbwa huuliza. Akishazoea kutoka saa kumi na mbili asubuhi, saa hiyo ikifika husimama mlangoni, huzunguka na kukutazama. Hasahau, wala hakubali udhuru. Nguvu ya zoezi hili imo katika mazoea hayo, kwa sababu mwili hunufaika na mwendo mfupi unaorudiwa kila siku kuliko safari ndefu inayofanywa mara moja kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, uliona kwamba watu wenye mbwa walikuwa na uwezekano wa mara nne zaidi ya wasio na mbwa wa kufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa. Lakini mlaji wa Mvumi aupime utafiti huo kwa makini. Mbwa wa mjini Uingereza hukaa ndani ya nyumba, na bila mwenyewe kumtoa hatoki. Mbwa wa kwetu ni mlinzi wa boma na mwenza wa mchungaji. Hujitembeza mwenyewe, na mara nyingi hutembea kilomita nyingi kuliko mwenye nyumba. Kwa hiyo kuwa na mbwa peke yake hakumpi mtu afya. Kinachompa afya ni kutoka naye, kwa saa maalumu, akiwa amefungwa kamba.

Hesabu ifuatayo itaonyesha faida ya mazoea. Mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa, kwa dakika 30, hupita kilomita 2.5. Akifanya hivyo siku tano kwa wiki hupata dakika 150 na kilomita 12.5. Kwa wiki 52 za mwaka huwa amepita kilomita 650. Umbali huo unazidi safari ya barabara kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, na huwa ameumaliza bila kukosa kazi hata siku moja.

3. Kabla ya kuchukua mbwa: maswali matano

Somo hili halimshauri mtu anunue mbwa ili apate mazoezi. Mbwa huweza kuishi miaka kumi na zaidi, naye hula, huugua na huhitaji matunzo hata wiki ambayo mwenyewe amechoka. Jiulize kwanza:

1. Je, tayari kuna mbwa nyumbani? Kama yupo, huyo ndiye wa kuanza naye.
2. Nitakaposafiri, au nitakapokuwa shambani mchana kutwa, nani atampa maji na chakula?
3. Je, nina uwezo wa kumchanja kila mwaka na kumpa dawa ya minyoo?
4. Je, wote ninaoishi nao wanakubali? Wapo wanaoogopa mbwa, wapo wanaopata mafua au muwasho wa ngozi wakiwa karibu naye, na wapo ambao imani yao inawataka wajiepushe na mate yake. Wote wana haki ya kuheshimiwa.
5. Je, nitatembea naye hata mwezi wa tatu, hamu ya mwanzo ikishapoa?

Ukijibu “hapana” kwa swali lolote, tafuta jirani, ndugu au rafiki wa kutembea naye. Miguu itapata faida ileile.

Anayeamua kuchukua mbwa asivutwe na mbwa wa kigeni wenye manyoya mazito na bei kubwa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu, bali hujipoza kwa kuhema, na koti zito la manyoya ni mateso katika joto la Oktoba na Novemba. Mbwa wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi na miguu mirefu, amezaliwa katika hali hii ya hewa. Mara nyingi hupatikana kwa jirani kwa bei ndogo au bure. Mtazame kabla ya kumchukua: macho yasiwe na tongotongo, pua isitoe kamasi, ngozi isiwe na mabaka yaliyonyonyoka, na tumbo lisiwe limevimba kwa minyoo. Mwache kwa mama yake hadi atimize angalau wiki nane. Kabla hajatimiza mwaka mmoja matembezi yake yawe mafupi, kwa kuwa mifupa yake bado inakua.

4. Gharama isiyokwepeka: chanjo ya kichaa cha mbwa

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo. Hupita kwenye mate ya mnyama mgonjwa na kumwingia binadamu kwa njia ya kuumwa, kuparuzwa, au mate kugusa kidonda. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, na kwamba takribani watu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Hata hivyo ugonjwa huu huzuilika kabisa kwa chanjo.

Mbwa huchanjwa kwa mara ya kwanza anapofikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Mbwa anayetoka nje kila siku hukutana na mbwa wengine wengi kuliko anayekaa bomani, kwa hiyo kutembea naye bila chanjo ni kumpeleka kwenye hatari na kuirudisha hatari hiyo nyumbani. Tena chanjo hiyo haimlindi mwenyewe peke yake. Wataalamu wanakubaliana kwamba kijiji kikichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wake na kudumisha kiwango hicho, mnyororo wa maambukizi hukatika. Hapo hata mtoto ambaye kwao hawafugi mbwa huenda shule salama.

Huduma ya chanjo ni huduma kama nyingine. Mlaji anayeilipia ana haki ya kuikagua. Kabla ya sindano, fanya mambo haya:

- Uliza anayechanja ni nani. Awe daktari wa mifugo au mtaalamu msaidizi anayetambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, au ofisa mifugo wa kata. Mtu anayepita nyumba kwa nyumba na begi bila kitambulisho usimkabidhi mbwa wako.
- Angalia chanjo imebebwa wapi. Kwa kawaida watengenezaji huagiza chanjo hii itunzwe katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Itoke kwenye kisanduku chenye barafu. Ikitoka mfukoni au kwenye buti la pikipiki lililopigwa jua, ikatae.
- Soma chupa. Iwe na jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo haijapita.
- Dai sindano mpya. Sindano moja isitumike kwa mbwa wawili.
- Dai cheti na risiti. Cheti kionyeshe jina la mwenye mbwa, rangi na jinsia ya mbwa, tarehe ya chanjo, namba ya toleo, tarehe ya kurudia, na saini ya mchanjaji. Kitunze pamoja na nyaraka za familia. Siku mbwa wako atakapomparuza mtu, cheti hicho ndicho kitakachokusemea.

Kabla ya kulipa, uliza katika ofisi ya kata au ya kijiji kama kuna kampeni ya chanjo iliyopangwa. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi huitumia kuchanja mbwa bila malipo au kwa bei nafuu.

Pamoja na chanjo, mpe mbwa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu kwa ushauri wa mtaalamu, na mkague kupe masikioni na kati ya vidole kila mnaporudi. Usimpe matumbo wala maini mabichi ya mbuzi au ng'ombe, kwa kuwa yanaweza kumwambukiza aina ya tegu ambayo humdhuru binadamu pia. Kila mtu anayemshika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

5. Vifaa: cha kununua na cha kuacha

*Kamba na mkanda wa shingo.* Kamba ya mita moja na nusu hadi mbili inatosha. Ya katani huchubua kiganja mbwa anapovuta ghafla. Utepe imara wa turubai, wa ngozi au wa nailoni ni bora, na fundi viatu anaweza kuushona pamoja na mkanda kwa gharama ndogo. Mkanda uache nafasi ya vidole viwili kati yake na shingo. Ukibana utamkaba, na ukilegea atautoa kichwani siku atakapoona mbuzi. Usitumie waya wala mnyororo wenye ncha.

*Viatu.* Kandambili hazifai kwa mwendo wa haraka, kwani kisigino huteleza na vidole huumia. Raba za mtumba zinafaa zikichaguliwa vizuri. Ikunje raba kwa mikono miwili: soli ijikunje penye vidole, isikunjike katikati. Bonyeza kisigino uone kama bado kina uhai, na kagua mishono ya pembeni. Katambuga zilizotengenezwa kwa tairi zinastahimili miiba ya migunga kuliko raba nyingi, mradi zina mkanda wa kushika kisigino.

*Maji.* Beba chupa moja na kibakuli chepesi. Mbwa hanywi vizuri mdomoni mwa chupa.

*Vya kuacha.* Huhitaji nguo maalumu za mazoezi, wala saa ya kuhesabu hatua, wala chakula cha mbwa cha paketi ikiwa mbwa wako anapata ugali wenye dagaa au mabaki ya nyama iliyopikwa. Usimpe kitunguu, chokoleti, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa hiyo huvunjika vipande vikali. Usinunue dawa yoyote, yako au ya mbwa, ambayo haijasajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ahadi ya kupunguza uzito bila kutembea wala kubadili chakula ni ahadi ya kutiliwa shaka.

Ili kujua kama matumizi yako yana maana, yagawe kwa idadi ya matembezi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba chanjo, dawa ya minyoo na kamba vimekugharimu jumla ya shilingi 52,000 kwa mwaka. Ukitembea siku tano kwa wiki, umetembea mara 260, na kila tembezi limegharimu shilingi 200. Ukitembea mara kumi tu kwa mwaka mzima, kila tembezi limegharimu shilingi 5,200. Bei ya zoezi hili hupangwa na miguu ya mwenyewe.

6. Saa, njia na majira ya Mvumi

*Joto.* Tembea asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili na nusu, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Kabla ya kutoka, weka kiganja chako juu ya mchanga wa njia kwa muda wa kuhesabu hadi saba polepole. Usipoweza kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazitavumilia. Mbwa akihema kwa nguvu kupita kawaida, akitokwa na mate mazito au akiyumba, simama kivulini, mpe maji kidogo kidogo, mloweshe tumbo na miguu, kisha mrudishe nyumbani.

*Giza.* Usitoke kabla hapajapambazuka. Nyoka aina ya moma hulala njiani na hakimbii anaposikia hatua, na fisi bado wapo katika nyanda hizi.

*Makorongo.* Ardhi ya Mvumi inajulikana kwa makorongo yaliyochimbwa na mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO na ulioanza mwaka 1973, ulifika pia katika tarafa hii, na mwaka 1986 mifugo iliondolewa ili ardhi ipate kupona. Wazee waliokuwapo wanakumbuka gharama ya uamuzi huo. Kwa mwenye kutembea, makorongo yana mafunzo mawili. La kwanza, usitembee ukingoni, maana udongo wake humeguka. La pili, wakati wa masika usivuke mto wa mchanga ikiwa mvua imenyesha upande wa juu, hata kama mahali uliposimama pamekauka. Maji hushuka kwa ghafla, na mtu aliyefungwa kwa kamba na mnyama mwenye hofu hawezi kujiokoa kwa urahisi.

*Mashamba na mifugo.* Fuata njia zilizozoeleka. Usikatize katika mizabibu au karanga za mtu. Ukikutana na kundi la mbuzi, fupisha kamba, simama pembeni, na mwache mchungaji apite kwanza. Mbwa wake yuko kazini.

7. Ratiba ya wiki tisa

Mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu asianze na nusu saa. Afuate ratiba hii, siku tano kwa wiki:

| Wiki | Dakika kwa siku | Jumla kwa wiki |
|---|---|---|
| 1 na 2 | 10 | 50 |
| 3 na 4 | 15 | 75 |
| 5 na 6 | 20 | 100 |
| 7 na 8 | 25 | 125 |
| 9 na kuendelea | 30 | 150 |

Dakika tatu za mwanzo na tatu za mwisho ziwe za mwendo wa pole. Ukiugua au ukisafiri, rudi hatua moja nyuma kwenye jedwali, kisha endelea.

Wiki mbili za kwanza ni za mafunzo ya mbwa pia. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa kamba atavuta, atalala chini au ataitafuna. Mfunge kwanza uani kwa dakika chache kila siku, mpe kipande kidogo cha chakula anapotulia, kisha utoke naye. Akivuta, simama. Kamba ikilegea, endelea. Baada ya siku kadhaa ataelewa kwamba kuvuta hakumfikishi popote. Kumpiga humfanya awe mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma upesi. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama.

Simama na utafute msaada wa afya ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi ikikataa kurudi baada ya kupumzika. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa atembee akiwa amekula, na mfukoni awe na pipi au sukari. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho la baridi, aile mara moja na aketi.

8. Haki za majirani

Njia ni ya wote. Anayekuja mbele yako hajui kama mbwa wako ni mpole, na halazimiki kukuamini. Fupisha kamba, hamia upande wa pili, na toa salamu wewe wa kwanza. Usiseme “haumi” kwa mtoto anayelia. Mpishe. Epuka lango la shule wakati wanafunzi wanaingia, na viwanja vya kanisa na msikiti wakati wa ibada. Kinyesi cha mbwa kifukie mbali na njia na mbali na kisima.

Ukicheka na jirani anayeshangaa kuona mtu mzima akiongozana na mbwa kwa kamba, kesho ataacha kushangaa. Ukimtishia mtoto wake, hatasahau.

9. Ukiumwa au ukiparuzwa

Hata aliyejiandaa anaweza kukutana na mbwa mzururaji. Usikimbie. Simama wima, usimtazame machoni, rudi nyuma taratibu. Ikiwa umeumwa au kuparuzwa:

1. Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa kuwa dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani.
2. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majivu wala majani.
3. Nenda siku hiyohiyo katika kituo cha afya au hospitali, hata kama jeraha ni dogo. Virusi huweza kukaa mwilini wiki au miezi kabla ya dalili, na muda huo ndio wa kuokoa maisha. Ukiambiwa chanjo haipo, uliza ipo kituo gani, na uende huko bila kungoja.
4. Kamilisha sindano zote kwa tarehe ulizopangiwa. Sindano ya kwanza peke yake haitoshi.
5. Toa taarifa kwa ofisa mifugo au uongozi wa kijiji. Mbwa anayeweza kufungwa salama azuiwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Usingoje siku hizo ziishe ndipo uende hospitali.

Haya yanamhusu pia aliyeumwa na mbwa wa nyumbani kwake. Mapenzi kati ya mtu na mbwa wake si chanjo.

10. Malalamiko

Mchanjaji akikataa kutoa cheti au akitumia chanjo iliyopitwa na wakati, toa taarifa kwa ofisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino. Suala la taaluma yake huweza kufikishwa kwenye Baraza la Veterinari. Dawa inayotiliwa shaka iripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na bidhaa bandia au tangazo la uongo kwa Tume ya Ushindani. Tunza risiti, kifungashio na tarehe. Lalamiko lenye ushahidi husikilizwa upesi.

Maswali ya kujipima

1. Mbwa wako alichanjwa tarehe ngapi, na cheti kiko wapi?
2. Ni mambo gani utakayoyakagua kabla mbwa hajapigwa sindano?
3. Utajuaje kwamba mwendo wako ni wa wastani?
4. Kwa nini mto mkavu unaweza kuwa hatari wakati wa masika?
5. Jeraha la kuumwa na mbwa huoshwa kwa dakika ngapi, na baada ya hapo unakwenda wapi?

Ikiwa swali la kwanza limekushinda, usianze matembezi kesho. Anza kwa ofisa mifugo, kisha chukua kamba.